Sikio la Fahali

Nilikuwa nimeshika pindo la koti la Gidamis kwa mkono mmoja na viatu vyangu kwa mkono mwingine, na bado niliona kuwa umati ule utatutenganisha. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, lakini hakuna aliyeikimbia. Wanaume waliovaa nguo za rangi ya chungwa walipita pekupeku, kila mmoja na mti begani, na kwenye ncha za ule mti vimening'inia vyungu vidogo vya maji ya mto wao mtakatifu. Nyayo zao zilikuwa zimepasuka. Wengine walichechemea. Wote walikuwa wanaimba.

"Nelia," Gidamis akanigeukia, "hawa wametembea toka wapi?"

"Mama Kanta anasema wengine wana wiki nzima njiani."

"Wamebeba maji tu?"

"Maji tu. Ya kumwagia jiwe hekaluni."

Akawatazama mpaka wa mwisho akapita. Gidamis ni mtoto wa wafugaji Wabarbaig, ambao kwetu Mbulu huitwa Wamang'ati, wa Getanuwas, chini ya mlima Hanang. Amekua akiswaga ng'ombe kutafuta visima wakati wa kiangazi.

"Kwetu mtu akitembea wiki nzima anayafuata maji," akasema polepole. "Hawa wanayapeleka."

Tangu tushuke kwenye treni asubuhi ile, katika mji wa Kashi, nilikuwa kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya misa ya watu wengine. Hujui uinuke lini wala upige magoti lini, lakini nywele zinakusimama.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa themanini na sita. Huko nyumbani kombaini zilikuwa zimeshaingia kwenye ngano. Shamba la serikali lilikuwa limetuleta India mimi na Gidamis kwa miezi mitano, yeye kusomea injini za dizeli, mimi upimaji wa mbegu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu turudi. Na mwezi huu wa mvua, Sawan, ndio mwezi ambao nusu ya India, nilivyoona mimi, huja kumwona Mungu wao hapa, hasa siku ya Jumatatu kama ile.

"Nyinyi wawili! Mnatazamana tu kama mbuzi sokoni? Twendeni!"

Huyo ni Mama Kanta, ameshatutangulia na mwavuli wake mweusi. Kila mtu aliyekulia Mbulu mjini miaka ile anamkumbuka. Dukani kwake ndiko tulikotumwa mafuta ya taa, na ukimwamkia vizuri alikupa peremende moja. Mumewe alipofariki alifunga duka, akaja kuishi Kashi, kwa sababu mjane wa kwao hutamani kumalizia siku zake kando ya mto huu. Mama yangu ndiye aliyenipa anwani yake. "Mwone," aliniambia, "yule ni mama yako pia."

Nilikuwa ninamwogopa. Katika nchi nzima ya India yeye peke yake alijua siri yangu.

Niseme hapa ili tusisumbuane mbele ya safari. Nina mtoto. Anaitwa Tadei, ana miaka mitatu na nusu, ana kishimo kwenye shavu la kushoto, na hawezi kulala mpaka ashike sikio langu. Nilimpata nikiwa kidato cha pili, kwa dereva aliyesema hanijui. Shule nikaiacha. Mama akamchukua mtoto, akawaambia watu ni kitinda mimba wake, na watu wakakubali kudanganywa kwa sababu wanampenda mama. Mimi nikaenda kufanya kazi shambani, nikamalizia masomo kwenye madarasa ya jioni, na hapo ndipo nilipokalishwa dawati moja na fundi mrefu, mpole, anayenuka dizeli. Karabai ilikuwa moja kwa madawati manne. Tulisoma vichwa vimegusana.

Gidamis alimjua Tadei kama mdogo wangu. Alimtengenezea kigari cha waya. Alimbeba shingoni mpaka kwenye maghala ya ngano. Na Tadei, mtoto wa tumbo langu, aliniita Dada mbele yake, nami niliitika.

*

Hekalu kubwa huingia waumini wenyewe peke yao. Mama Kanta akatupandisha ghorofani kwa muuza hariri, mkabala, akatusogeza dirishani.

"Tazameni."

Juu ya mapaa yaliyolowa, katikati ya nyaya na nyani na nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, kilisimama kilele cha dhahabu. Mvua ilikuwa inateleza juu yake. Chini, watu walikuwa wamesongamana hata ardhi haionekani, mikono yote juu, kila mkono umeshika kitu: majani, ua, kopo la maji, kopo la maziwa. Kengele zilikuwa zinapigwa bila kupumzika. Nilizisikia kifuani kabla ya masikioni.

Nikajikuta nimefanya ishara ya msalaba. Nikaona aibu.

"Usione aibu," Mama Kanta akasema. "Mimi Mbulu nilikuwa naingia kwenye kanisa lenu kila Krismasi, nakaa nyuma. Padri alinijua. Mungu hakunifukuza."

Gidamis alikuwa bado dirishani. "Mama, yule bibi kule anatoa nini? Ni nyasi?"

"Nyasi, ndiyo. Na majani ya mti wetu. Maskini na tajiri wote wanatoa majani."

"Nelia, umeona?" Akanishika bega, macho yanang'aa. "Nyasi mkononi!"

Nilielewa. Kwao na kwetu, mtu akija na majani mabichi mkononi, humpigi wala humfukuzi. Amekuja kwa amani, lazima asikilizwe.

"Hivi ndivyo nitakavyomwendea baba yako," akasema kwa sauti ya chini. "Na nyasi mkononi. Atanisikiliza tu."

Barua ya baba ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeikunja mara nne. Baba ni katekista, mwandiko wake umenyooka kama mistari ya kitabu cha misa. *Nimesikia habari ya yule Mmang'ati,* alikuwa ameandika. *Unajua mila yetu ya zamani. Msichana aliyezaa nyumbani alifukuzwa, akavuka mpaka, asikanyage shamba la mtu wala zizi la mtu, na aliyempokea huko alikuwa Mmang'ati. Walioolewa kwao ni wale tuliowatupa. Mimi sikukutupa, Kornelia. Nilikuficha. Usijitupe mwenyewe.*

Gidamis nilimwonyesha nusu ya kwanza tu ya barua.

*

Hekalu la pili lilikuwa dogo, ndani ya kichochoro ambacho ng'ombe mmoja alikuwa amelala katikati na watu wote, hata wale wenye haraka, wanamzunguka.

"Hapa ng'ombe ni mheshimiwa," nikamtania Gidamis. "Angalia, wanampisha kama mkuu wa wilaya."

"Kumbe hawa ni Wabarbaig," akajibu. "Wamepotea njia tu."

Mama Kanta akacheka mpaka mwavuli ukatikisika.

Hekalu hili halimkatazi mtu, akatuambia. Ndani kuna jiwe jeusi linalomwagiwa maji na maziwa mwezi mzima, na mbele yake, akilitazama, amelala fahali wa jiwe. Ukiwa na neno zito, unamnong'oneza fahali sikioni. Yeye ndiye anayelifikisha. "Lakini ziba sikio lake la pili kwa mkono," akasema, "neno lisitokee upande wa pili."

Mlangoni bawabu akamnyooshea Gidamis kidole, akasema kwa Kihindi, kwa ukali.

"Ngozi," Mama Kanta akatafsiri. "Ngozi haiingii. Vua mkanda, fundi."

"Suruali itanivuka, mama!"

"Ishikilie. Mungu ameona makubwa zaidi."

Watu wakacheka bila kuelewa lugha. Gidamis naye akacheka, akavua mkanda. Bawabu akaonyesha tena, safari hii kifundo cha mkono wa kushoto. Pale Gidamis huvaa kikuku cha ngozi ya mbuzi, chembamba, kimekuwa cheusi kwa kuvaliwa. Sijawahi kumwona bila hicho. Hata akifungua injini huwa anakipandisha tu kwenye mkono.

Kicheko kikamtoka usoni. "Hiki hakiwekwi chini, Nelia. Siwezi kukiweka kwenye viatu."

"Nipe nikushikie," nikasema, kama mtu anavyosema nipe kikombe.

Hakunipa. Alinitazama mpaka nikasikia masikio yanapata moto.

"Unajua hiki ni nini?"

"Ni baraka ya mama yako. Ulisema."

"Sikusema yote." Akasogea karibu, maji ya mvua yanamtiririka puani. "Siku naondoka alimchinja mbuzi, akakata ngozi, akanivisha. Akasema, hiki ni cha mtoto wako wa kwanza. Vaa mpaka umpate. Na mwanamke asikishike, ila yule atakayekuwa mama wa mtoto huyo." Akaanza kukivua. Vidole vinavyokaza nati bila kuangalia vilikuwa vinateleza. "Nilitaka kungoja turudi. Lakini tumefika mahali kama hapa, watu wote hawa wamebeba walicho nacho... Mimi nina hiki. Kishike, Nelia."

Kikuku kilikuwa kwenye kiganja chake kilicho wazi, mvua inakidondokea. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mkono wangu ukaenda, ukafika nusu, ukarudi wenyewe.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Niingie mimi. Nikitoka nitakujibu."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Wake ulijifunga kama mlango.

*

Ndani kulikuwa na giza la moshi na sakafu ya maji. Jiwe jeusi lilikuwa linang'aa kwa maziwa, limefunikwa majani matatu-matatu. Mwanamke wa rika langu alikuwa amembeba mtoto kiunoni, anaushika mkono wa mtoto amwage naye tone la maziwa. Tone likaanguka. Mama na mtoto wakatazamana, wakacheka. Yule mtoto akamwita. Sikuhitaji kujua Kihindi. Kuna neno moja ambalo karibu kila mtoto wa dunia hulianza kwa kufumba midomo.

Nikapiga magoti kwa fahali. Alikuwa na nundu, kama wa kwetu. Masikio yake yalikuwa laini kabisa, yamesuguliwa na midomo ya watu wa miaka isiyohesabika. Nikafikiria mizigo yote iliyopitia pale, magonjwa, utasa, kesi, mapenzi. Nikaziba sikio la kulia kwa kiganja, nikaweka midomo kwenye la kushoto. Jiwe lilikuwa la uvuguvugu, kama sikio la mtu.

"Nina..." nikaanza.

Neno halikutoka. Mama Kanta alikuwa amechutama karibu yangu, sari imelowa mpaka magotini.

"Hujamwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupa kile kitambaa cheupe cha kumfunika mtoto. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Sikukupa umfunike mpaka hata wewe usimwone."

Nikaliachia sikio la fahali. Nililolibeba halikuwa lake kulisikia kwanza. Mwenyewe alikuwa nje, anaishikilia suruali.

*

Alikuwa pale pale nilipomwacha. Kikuku kilikuwa kimerudi mkononi mwake.

"Tadei si mdogo wangu," nikasema. Nililisema haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba. "Nilimzaa mimi."

Umati ulikuwa unatupita pande zote. Gidamis hakusogea.

"Tadei," akasema.

"Ndiyo."

"Yule niliyembeba shingoni."

"Ndiyo, Gida."

"Akakuita Dada. Mimi nipo pale. Ukaitika."

"Niliitika."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mwaka mmoja na nusu, Nelia. Dawati moja. Nimekuambia mambo ambayo hata kaka zangu hawayajui. Ulidhani ningefanya nini?"

"Kuondoka. Wote wanaondoka."

"Wote ni nani? Mimi ni wote?"

Nikatoa barua ya baba, nikamfungulia nusu ya pili. Aliisoma polepole, mvua ikiutawanya wino, na nilijua amefika kwenye lile neno, *tuliowatupa*, kwa sababu taya lake lilikazana. Akaikunja vizuri, mara nne kama ilivyokuwa, akanirudishia. Kisha akageuka, akaingia kwenye kundi la wabeba maji, na koti lake likapotea.

Nilikaa kwenye ngazi kando ya lundo la viatu. Mama Kanta akanifunika na mwavuli. Kengele ziliendelea. Wazee walipita wakiwa wameshikana mikono, vipofu walipita wakiongozwa, mtu mmoja alipita akijipima chini kwa urefu wa mwili wake, analala, anasimama, analala tena, kwenye tope, uso wake umejaa furaha. Nikawaza: huyu ametoka wapi hivi, na amefika. Mimi nimeshindwa kutembea kutoka mdomoni kwangu mpaka kwenye sikio la mtu ninayempenda, mpaka leo.

Sijui ilipita saa nzima au nusu. Nikaona miguu mikubwa pekupeku imesimama mbele yangu. Mkononi alikuwa na fungu la nyasi mbichi, zile wanazouza pale kwa ajili ya sadaka.

Nikainuka. Mtu mwenye nyasi husikilizwa.

"Bibi yangu, mama wa baba," Gidamis akasema, "alikuwa Mmbulu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Walimfukuza akiwa na mimba. Alivuka mpaka peke yake, wakati wa mvua kama hii. Babu alimkuta chini ya mlima anakula mizizi. Akamkaribisha. Aliyekuwa tumboni ndiye baba yangu." Akazipanga nyasi mkononi. "Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema baba ni mtoto wa mtu mwingine. Ni mtoto wa aliyemshika. Basi. Mimi nimetoka huko, Nelia. Ukoo mzima umetoka huko. Na wewe ukanificha mimi, kati ya wanaume wote."

"Sikujua, Gida."

"Sikukuambia. Nami nilificha." Akatazama chini. "Nilidhani binti wa katekista angecheka, kwamba mimi ni mjukuu wa aliyetupwa."

Tukatazamana, wajinga wawili tuliolowa mpaka mifupani, kila mmoja amemficha mwenzake kitu kilekile. Mama Kanta akapenga kamasi kwa sauti kubwa kwenye ncha ya sari.

"Bado nina hasira," Gidamis akasema.

"Najua."

"Itachukua siku."

"Nitangoja."

Akavua kikuku. Safari hii vidole havikuteleza. Akakiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole, kimoja kimoja.

"Nishikie. Naingia."

Akaingia, nyasi mkono wa kulia, suruali mkono wa kushoto. Nilisogea mlangoni nikamwona ameziweka nyasi juu ya jiwe kwa heshima, kama mtu anayemwekea baba yake. Kisha akachutama kwa fahali. Ili azibe lile sikio la pili ilimbidi aiachie suruali, akaibana kwa magoti, na bawabu yule mkali akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Gidamis hakuona. Alikuwa ananong'ona. Alinong'ona kifupi sana.

Alipotoka, nilimnyooshea kikuku chake.

"Usinirudishie," akasema. "Si changu tena. Nimeambiwa nikivae mpaka nimpate. Nimempata."

"Umemwambia nini fahali?"

"Jina."

"Jina gani?"

"Tadei Gidamis." Akafunga mkanda wake taratibu. "Nimelisema mara mbili, asije akakosea."

Nikakivaa kikuku. Kilinipwaya. Kwa mkono mdogo wa Tadei kingezunguka mara mbili, na kingebaki cha kukulia. Baba alikuwa bado yuko Mbulu na barua yake, na safari ya kumfikia ilikuwa ndefu, lakini nyasi zipo hata Mbulu.

"Mama Kanta," nikasema, "nataka karatasi na bahasha. Nimwandikie mama amfundishe mtoto kuniita jina langu."

"Jina lako lipi, Kornelia?"

"Lile lingine, mama."

Akanipiga kofi dogo shavuni, la upendo, akatangulia kichochoroni na mwavuli wake. Tukamfuata, tukamzunguka yule ng'ombe aliyelala, na Gidamis akaushika mkono wangu mbele za watu wote wa Kashi.

"Sasa niambie," akasema. "Mambo ambayo siyajui. Mwanetu analalaje?"

Nilisimama. Wabeba maji wakatupita kulia na kushoto. Nikafungua kinywa, na neno ambalo nilikuwa sijawahi kulisema nje ya blanketi, gizani, likatoka kwa sauti, kwenye mvua, mchana kweupe.

"Mwanangu," nikasema, "hulala ameshika sikio langu."